Ardhi Inanishika

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kumpita mtu njiani. Kila aliyekutana naye alisimamishwa, akainamiwa, akapigiwa yale makofi ya taratibu ya Kifipa, akaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mifugo, za mgonjwa kama yupo, na kama hayupo, akaulizwa mbona amekonda. Mtu akimaliza kujibu, naye anaanza kumuuliza mama. Kutoka kwetu, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, mpaka kanisani si mbali. Mtoto akitumwa chumvi jirani na pale anarudi maji ya ugali hayajachemka. Lakini nikiongozana na mama tulikuwa tunaingia padri ameshaanza kuhubiri, na inabidi tupite katikati ya macho ya watu wote mpaka benchi la mbele, kwa sababu mama hakukubali kukaa nyuma.

Mimi ni mtu wa Mbeya, na haraka yangu nimezaliwa nayo. Serikali ilinileta Sumbawanga kufanya kazi idara ya ardhi, nikaolewa na Mfipa, nikabaki. Kwetu pia tunasalimiana, tena kwa heshima, ila salamu ina mwisho. Basi nilikuwa namsubiri mama hatua chache mbele, mkoba kwapani, nimevimba. Akinifikia ananitazama usoni na kusema, "Mkwe, unachemka. Kichwa maji wewe." Kichwa maji, kwa asiyejua, ni mtu ambaye akili yake haijatulia, anayerukia mambo. Mama alilitamka kwa mapenzi hivi kwamba nilikuwa najifanya nimenuna ili alirudie.

Kitu cha kwanza kilichopotea ni kule kuinama. Alianza kusalimia akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani, makofi hayapo. Watu wakaona. Mwanamke mmoja pale bombani akasema mama siku hizi ana mkwe wa serikali, magoti yamekuwa ya kizungu. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na ndoo yake nusura imwagike. Nilivyofika nyumbani nilimuuliza mama kwa nini hainami tena. Akasema akiinama, kuinuka hakupo.

Halafu ikaja miguu. Haikuwa inauma. Ilikuwa hainyanyuki. Alitembea kwa hatua fupi fupi, nyayo zinasugua sakafu, miguu ameitanua kidogo. Akifika mlangoni anasimama, anaiangalia miguu yake, anaisubiri. Siku moja nilimkuta amesimama hivyo kati ya jiko na ua, ungo wa ulezi mkononi, akasema kwa Kifipa maneno ambayo hata mimi mwenye Kifipa cha kuokoteza niliyaelewa: ardhi inanishika.

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye mtu wa ardhi hapa mjini. Nitaiambia ikuachie." Naye akacheka. Lakini mume wangu aliyekuwa anakunywa chai hakucheka hata kidogo, na jioni ile akaniomba nisiyarudie maneno yale mbele za watu. Nilichelewa kuelewa. Huku, mtu akisema ardhi inamshika, maana yake kuna mwenzake aliyefukia kitu njiani, naye akakikanyaga. Jina la mji wetu lenyewe watu hulifasiri kuwa ni kutupa uchawi, na kila tukisafiri tunataniwa mpaka tunachoka. Familia ya Kikatoliki ya kizazi cha tatu haitaki kusikika ikisema ardhi imemshika mama yao. Kwa hiyo tangu siku ile, mama akisema ardhi, watoto wake walisema miguu inauma.

Sasa nieleze tulivyomgawana mama, maana ndipo tulipopotelea. Mume wangu alichukua miguu. Alimpeleka mama akapigwa picha ya magoti, wakarudi na dawa ya kupaka inayonuka nyumba nzima. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeolewa Milepa kule chini bondeni, alichukua mkojo. Mama alikuwa ameanza kutofika chooni, na mambo hayo mtoto wa kiume haelezwi. Wifi alikuja, akampeleka kupima sukari, sukari haikuwepo, akapewa vidonge vya njia ya mkojo. Mashuka tulifua sisi wawili na kuyaanika nyuma ya nyumba kabla mume wangu hajarudi kazini. Wifi akasema tatizo ni baridi ya huku juu, upepo wa Ufipa unaingia kwenye kibofu, mama ahamie Milepa kwenye joto.

Mimi nilibaki na usahaulifu, na usahaulifu niliuita uzee. Haukuwa hata usahaulifu hasa. Mama alikuwa amepoa. Unamuuliza jambo, anakutazama kwa upole, unaendelea na shughuli zako, na unapofunga kamba za viatu ndipo jibu linafika. Maharage yaliungua akiwa amekaa kando yake. Tulienda kanisani kwa bodaboda, tukafika mapema, mimi na haraka yangu tumeshinda, na sikufurahi hata chembe. Nilisimama nje ya kanisa kwa makusudi nimevimba, namsubiri aseme neno lake. Alinitazama tu. Hakuwa amenikasirikia, neno lenyewe halikuwepo. Jumapili ile nilirudi nyumbani nikalia jikoni, nikasingizia kitunguu.

Kwa hiyo tulikuwa watu watatu, kila mmoja ana ugonjwa wake mkononi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuufikisha mwili mzima wa mama mbele ya daktari mmoja.

Mambo yalibadilika hivi. Mume wangu alikuwa Kasesya, mpakani, malori yenye mzigo wake yamekwama forodhani. Mama akaanguka uani. Hakuumia, ila nilimkodia gari nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari alikuwa kijana, mgeni, Kifipa hajui. Na mama, tangu apoe, Kiswahili chake kilikuwa kimerudi nyuma. Alijibu kwa lugha ya nyumbani tu. Nikawa mkalimani.

"Shikamoo, bibi," daktari akasema. "Ukitaka kutembea unajisikiaje?"

Tukasubiri. Nilijua jibu litachelewa, nikamwambia daktari asubiri, naye kwa bahati alikuwa mtu wa kusubiri. Mama akajibu. Mume wangu angekuwepo angesema miguu inamuuma. Wifi angesema hivyo hivyo. Wangelisafisha neno lile njiani, kwa adabu, kama walivyofanya kila mara. Mimi Kifipa changu hakina adabu hizo; kina neno na maana yake, basi.

"Anasema ardhi inamshika," nikasema.

Neno likanitoka, ndipo nikakumbuka niliyoambiwa. Uso ukaniwaka moto. Nimeufedhehesha ukoo wa watu mbele ya mgeni, nikawaza, sasa atatuuliza kama tumeshakwenda kwa mganga. Lakini daktari aliweka kalamu chini.

"Rudia, dada. Inamshika?"

"Ndivyo alivyosema. Nyayo zimeshikwa chini, hazitoki."

Akamwomba mama asimame, aende mpaka mlangoni, ageuke, arudi. Kwenda alikwenda kwa kusugua. Kugeuka ndiko kulikokuwa kazi; alijigeuza kidogo kidogo, hatua juu ya hatua, pale pale. Daktari akaniuliza taratibu kama mkojo unamtoka. Mume wangu hakuwepo, nikasema ndiyo. Akauliza kama amekuwa mzito wa kufikiri. Nikasema ndiyo tena. Kwa mara ya kwanza yale mambo matatu yalikuwa yamekaa kwenye chumba kimoja.

Daktari akanieleza. Ndani ya kichwa cha kila mtu kuna vyumba vidogo vyenye maji safi, yanatengenezwa na kufyonzwa kila siku. Kwa baadhi ya wazee ufyonzaji unazembea, vyumba vinatanuka polepole, vinabana njia zinazoongoza miguu, mkojo na fikra. Na msukumo wa maji hayo ukipimwa mara nyingi unaonekana uko kawaida, ndiyo maana ugonjwa unadanganya watu. "Sijathibitisha," akasema. "Magonjwa mengine ya uzeeni yanafanana na huu. Anahitaji picha ya kichwa, na wataalamu wa Mbeya wamwone. Lakini ukiwa ndio wenyewe, dada, una tiba."

Maji kichwani. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miaka yote mama ananiita mimi kichwa maji, kumbe maji yalikuwa yanamjaa yeye.

Jioni nikampigia mume wangu, nikamwambia yote, na la mashuka pia. Akauliza, "Kwa nini mlinificha?"

"Kwa sababu wewe ni mtoto wake wa kiume."

"Ni mtoto wake," akasema.

Wifi ndiye aliyenitoa jasho. Nilimsomea jina la ugonjwa kama daktari alivyonitajia: maji kichwani yenye presha ya kawaida. Nikamsikia anashusha pumzi. "Aa, Mungu ni mwema. Presha ni ya kawaida! Basi mleteni Milepa." Nikamwambia siyo presha hiyo ya moyo. Akaniuliza kuna presha ngapi. Nikaeleza vyumba, nikaeleza maji, nikaeleza msukumo, nikaanza upya, na mwisho nikapandisha sauti. Wifi akasema kwa utulivu mkubwa, "Wifi, wewe ni mtu wa viwanja. Kama presha ya mama ni ya kawaida, mnamtafutia nini Mbeya?" Habari zikasambaa kwa ndugu kwamba mama amepimwa, presha ni ya kawaida, ila yule mkwe wa Mbeya hataki kuridhika.

Tulikwenda Mbeya, mimi na mama, kwa basi la asubuhi. Bima yangu ya kazini ilimtambua, kwa hiyo hilo halikutuumiza kichwa. Tulipofika Laela basi likasimama, wauza karanga na mahindi ya kuchemsha wakajaa madirishani. Mama akataka kushuka kujisaidia. Kumsimamisha kwenye kiti tu ilikuwa safari. Kondakta akapiga ubavu wa basi, akapiga tena, akasema tunawachelewesha abiria. Nilimwambia akipiga tena nitashuka niende mwenyewe kituo cha polisi naye akiwa ameshikwa ukosi. Wakati nabishana, mama alikuwa ameshalowa. Nilimfunga kitenge changu juu ya chake, nikamkalisha juu ya sweta langu. Alinishika mkono. "Mwanangu asijue," akasema. Nikamdanganya kwamba hajui, na nikamshika mkono ule mpaka Tunduma.

Picha ilionyesha vyumba vimetanuka kama yule kijana alivyodhani. Daktari wa Mbeya, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akasema kuna jaribio moja la kufanya kwanza: kumtoa maji kidogo mgongoni, kisha kumtazama anavyotembea. Miguu ikifunguka, ni dalili nzuri kwamba kumwekea mrija kutamsaidia. Isipofunguka, haina maana kwamba hakuna tumaini, lakini atafikiri mara mbili.

Maji ya mgongo! Nani huku hajasikia kwamba ukitolewa maji ya mgongo hutarudi nyumbani ukiwa hai? Nilimweleza wifi kwa simu, kesho yake akatokea Mbeya na mkoba wake, amekuja kumchukua mama yake. Lakini alikuta jaribio limeshafanyika. Mama amelala chali, mzima, analalamika uji hauna sukari. Wifi akakaa pembeni ya kitanda akinigeuzia mgongo, na ilikuwa haki yake.

Siku iliyofuata tulishuka kununua chai. Tuliporudi, kitanda kitupu. Nikamvamia nesi, mgonjwa wetu yuko wapi, mmempeleka wapi bila kutuambia. Nesi akanyoosha kidole tu. Mwisho wa korido, karibu na dirisha, mama amesimama mbele ya bibi mmoja wa Laela aliyekuja kumuuguza mumewe. Amekwenda mwenyewe. Na tukiwa tunatazama, akashika ukingo wa dirisha, akashuka, akainama, akapiga makofi. Kisha akainuka.

Wifi akaiacha chai ikamwagika kwenye viatu vyangu.

Ingekuwa hadithi ya kubuni ningeishia pale. Lakini yale maji hurudi. Mwili unaendelea kuyatengeneza, na siku chache baadaye nyayo za mama zilianza tena kusugua, kidogo, halafu zaidi, mpaka asubuhi moja akasimama kando ya kitanda anaisubiri miguu yake. Kwangu ilikuwa ngumu kuliko kuanguka kwake. Kwa wifi hilo ndilo lilikuwa jibu. Alikuwa ameona mama akifunguliwa, sasa anaona akifungwa, na hakuna aliyefukia kitu chochote katika korido ya hospitali. "Kumbe ni maji kweli," akasema. Akanitazama. "Wifi, ulikuwa unanieleza vibaya tu."

Daktari akatuita. Mrija mwembamba ungepita chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni, maji yaliyozidi yashuke yafyonzwe huko. Hakutuficha: unaweza kuziba, unaweza kuingia vijidudu, damu inaweza kuvuja kichwani, na yeye ni mzee. Miguu ndiyo hupata nafuu zaidi. Mkojo mara nyingi. Akili, hawezi kuahidi. Mume wangu alikuwa amefika kutoka Kasesya. Yeye na dada yake wakatazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mama akanigeukia mimi.

"Mtu wa ardhi. Nikikataa?"

"Itaendelea kukushika, mama."

"Nikikubali?"

"Huenda ikakuachia. Huenda isikuachie. Na kuna hatari."

Akafikiri kwa muda wake. "Ni kama kukata tuta maji yapite," akasema. "Wakate."

Siku ya upasuaji mume wangu hakukaa na sisi. Nilimtafuta, nikamkuta nyuma ya wodi kwenye karo za kufulia, katikati ya wanawake, mikono ya shati ameikunja, anafua mashuka ya mama yake. Wanawake walikuwa wanamtazama, yeye anasugua tu. Nilisimama mbali nikampenda upya.

Mama alitoka salama. Kichwa wamemnyoa upande mmoja, jambo lililomuudhi kuliko upasuaji. Tulirudi Sumbawanga, na kwa wiki za mwanzo nilimchunga mpaka akachoka: homa ipo, kichwa kinauma, kidonda kimekauka? Miguu ilifunguka taratibu, haikuwa ghafla kama siku ile ya korido. Mashuka yakabaki makavu. Akaanza kuinama tena kwa watu, akishika ukuta kwanza, kisha bila ukuta. Yule mwanamke wa bombani alikuja na kuku, na mama alimshukuru kwa makofi marefu huku mimi nikitazama pembeni.

Ila alikuwa bado mpole mno. Majibu yalikuja mapema kuliko zamani, lakini hakuchokoza mtu. Aliniita mkwe, aliniita mama, hakuniita vinginevyo. Daktari alikuwa ametuambia, na nilijifundisha kushukuru kwa tulichopata. Mtu aliyekuwa anashikwa na ardhi sasa anakwenda mwenyewe kuangalia ulezi wake. Nilikuwa najiambia inatosha, na nusu ya siku nilikuwa naamini.

Jumapili moja, upepo wa kipupwe unakata masikio, tuliondoka nyumbani kwa miguu. Kengele ilikuwa imelia. Mama akamkuta mzee wa jirani, akainama, makofi, habari za ng'ombe. Akamkuta mjukuu wa mzee huyo, habari za shule. Akamkuta mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto naye akaulizwa habari zake. Nilikuwa hatua chache mbele, mkoba kwapani, natazama saa. Kengele ikalia mara ya pili. Haraka ilinipanda yenyewe, sikuiigiza, nikapaza sauti kutoka huko nilikokuwa:

"Mama! Ardhi imekushika tena?"

Akawaaga wale watu mmoja mmoja, hakuna aliyepunjwa. Akaja, nyayo zinanyanyuka, vumbi kidogo nyuma yake. Akasimama mbele yangu, akanitazama usoni muda mrefu, nikaona kona ya mdomo wake inatikisika.

"Ardhi imeniachia," akasema. "Watu ndio hawaniachii. Na wewe unachemka. Kichwa maji wewe. Yangu wameyatoa, yako yamebaki."

Nikanuna, nikageuza uso upande wa pili ili asione macho yangu, na ili alirudie. Alilirudia, kwa sauti, barabara nzima ikasikia.